Wiki moja Malta: kupanga likizo ya ufukweni kwa kusoma upepo

Mtu aliyezoea kuoga bahari Tanga, Malindi au Paje huanza siku kwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Malta swali hilo halina kazi. Katikati ya Mediterania, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama sentimita 20 tu, wakati Zanzibar siku za bamvua hufika mita 4. Ufukwe ulioukuta asubuhi ndio utakaoukuta jioni. Kinachoigeuza bahari ya Malta ni upepo, na wageni wengi hupoteza siku mbili tatu za likizo kwa kutoutazama. Hushuka kwenye ghuba yenye mawimbi na bendera nyekundu, kumbe upande wa pili wa kisiwa, mwendo mfupi kwa gari, maji yametulia kama ya mtungini.

Kwa hiyo wiki hii tunaipanga kwa kufuata upepo, makazi yakiwa Mellieħa, kaskazini mwa kisiwa.

Chagua mwezi kwa joto la maji, si la hewa

Picha za Malta mwezi wa Mei huonyesha jua na anga isiyo na wingu, na mtu hudhani maji nayo ni ya uvuguvugu. Siyo. Bahari hupata joto polepole na kupoa polepole. Februari na Machi maji huwa kama nyuzi 15 za selsiasi, Mei ni 18 au 19, Juni yanakaribia 22, Agosti yanafika 26 au 27, na Oktoba bado ni 23 au 24. Aliyelelewa na Bahari ya Hindi ataingia Mei na kutoka mbio.

Wakati bora ni kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba: maji yana joto, watoto wa Ulaya wamerudi shule, bei za vyumba zimeshuka. Ubaya wake ni kwamba Oktoba huleta mvua za radi za ghafla, za saa moja au mbili. Chaguo la pili ni Juni. Julai na Agosti vikwepe ukiweza, kwani joto la mchana ni wastani wa nyuzi 31 au 32 na siku nyingine hupita 38. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Santa Marija, Wamalta wenyewe wanakuwa likizoni na kila ghuba inajaa. Kama Mei ndiyo nafasi pekee uliyonayo, beba au kodi vazi la mpira la wapiga mbizi lenye unene wa milimita 2 au 3. Litakupa nusu saa majini badala ya dakika tano.

Karatasi

Malta iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu Desemba 2007. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri siku hizo 15, maana miezi ya kiangazi miadi hujaa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka Schengen. Bima ya safari iwe na kiwango cha chini cha yuro 30,000 cha matibabu. Ukipanga kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, soma bima hiyo vizuri, kwa sababu nyingi haziuhesabu mchezo huo mpaka uongeze malipo.

Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi anaingia Malta kwa kibali hicho na pasipoti yake. Anayeishi Uingereza kwa kibali cha Uingereza, hata kama ameishi huko miaka mingi, bado anahitaji viza ikiwa pasipoti yake ni ya nchi zetu. Kosa hili huwarudisha watu kwenye kaunta ya ndege.

Adapta ya umeme acha nyumbani kama unatoka Kenya, Tanzania au Uganda: soketi za Malta ni zile zile za miguu mitatu ya bapa, na volti ni 230. Magari nayo hupita kushoto. Saa za kiangazi ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na jua la Julai huzama baada ya saa 2 usiku, hivyo saa za Kiswahili zitakuchanganya kidogo. Ukipewa muda wa boti, uandike kwa saa za kizungu.

Kwa nini Mellieħa

Kwa sababu iko kwenye shingo ya kisiwa, karibu na pwani zake zote mbili. Chini ya mji, upande wa mashariki, kuna Għadira, ufukwe wa mchanga mrefu kuliko wote Malta, kama mita 800. Upande wa magharibi kuna Golden Bay, Għajn Tuffieħa na Ġnejna, na Paradise Bay kwenye ncha ya kaskazini. Bandari ya Ċirkewwa, wanakotoka wasafiri wa visiwa jirani vya Gozo na Comino, ni kama dakika 15 kwa basi. Sliema na St Julian's ni sehemu nzuri kwa maduka na usiku, lakini ufukwe wao mkubwa ni mwamba, na kila siku utatumia saa nzima barabarani.

Kabla ya kulipia chumba, angalia kwenye ramani kama kiko juu mjini au chini ufukweni. Mji wa Mellieħa umekaa juu ya kilima na Għadira iko bondeni. Kushuka asubuhi ni raha, lakini kupanda saa 9 alasiri na mtoto, taulo na mwavuli ni adhabu. Kama mna watoto wadogo, lipeni zaidi mkae chini.

Kutoka uwanja wa ndege wa Luqa hadi Mellieħa ni upande wa pili wa kisiwa. Programu ya Bolt inafanya kazi kama Nairobi au Dar es Salaam. Basi ni nafuu lakini huchukua zaidi ya saa moja. Tiketi moja ya basi kiangazi ni yuro 2.50, inadumu saa 2 hata ukibadilisha basi, na unaweza kugusisha kadi ya benki mlangoni. Kwa wiki nzima nunua kadi ya siku 7 uache kuhesabu. Jambo moja lijue mapema: basi likijaa halisimami. Lisilojaa nalo halisimami usipolinyooshea mkono. Saa 11 jioni, watu wanaporudi kutoka Għadira, magari mawili matatu yanaweza kukupita. Ondoka saa 9 na nusu au baki hadi jua lizame.

Majina utayasoma mwenyewe

Kimalta ni lugha ya asili ya Kiarabu inayoandikwa kwa herufi za Kirumi, na Mswahili ana nusu ya funguo tayari. Shika haya: x husomwa sh, ċ ni ch, ġ ni j, j ni y, ħ ni h nzito, na għ mara nyingi haitamkwi. Basi Ċirkewwa ni Chirkewwa, Mġarr ni Mjarr, Għadira ni Adira, Marsaxlokk ni Marsashlok. Baħar ni bahari, siegħa ni saa, ktieb ni kitabu, Mdina ni madina, na Għajn Tuffieħa ni chemchemi ya tufaha. Ukiulizia bei, għoxrin ni ishirini, tletin ni thelathini, ħamsin ni hamsini, mija ni mia. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, kwa hiyo hutakwama. Ila muuza samaki akisikia umeelewa namba zake, mazungumzo hubadilika.

Kila asubuhi: upepo kwanza, ufukwe baadaye

Usimwahidi mtu yeyote ufukwe fulani siku mbili kabla. Fanya hivi kila asubuhi, kabla ya chai:

1. Fungua utabiri wa ofisi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Malta. Tafuta mambo matatu: upepo unatoka wapi, una nguvu kiasi gani, na kuna mawimbi ya mbali kutoka upande gani.

2. Kumbuka kuwa upepo huitwa kwa mahali unakotoka, kama vile kaskazi inavyotoka kaskazini na matlai mashariki. Utabiri ukisema kaskazini-magharibi, mawimbi yatapiga ghuba zinazotazama kaskazini-magharibi.

3. Soma nguvu, ambayo hutajwa kwa namba za kipimo cha Beaufort. Hadi nguvu ya 3, nenda unakotaka. Nguvu ya 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, anza kuchagua upande. Kuanzia nguvu ya 5, ghuba inayotazamana na upepo iondoe kabisa kwenye mpango, na ujue boti za Comino huenda zisitoke.

4. Angalia jana ilikuwaje. Hapa ndipo wengi huteleza. Upepo ukilala usiku, mawimbi yake hubaki bado, pengine mpaka mchana wa siku ya pili. Anga tulivu haina maana bahari imetulia.

5. Ukifika, simama juu, kwenye barabara au ngazi, utazame maji dakika tano kabla ya kushuka. Għajn Tuffieħa ina ngazi zipatazo 200; ni afadhali kugeuka ukiwa juu.

Sasa pepo zenyewe. Mkubwa wao ni majjistral, wa kaskazini-magharibi, ndio unaovuma siku nyingi kuliko wote. Ukija kwa nguvu, Golden Bay, Għajn Tuffieħa na Ġnejna hupata mawimbi mazito na mikondo inayovuta nje, na ufukwe wa Ramla kule Gozo nao huwa wa hatari. Siku hiyo kaa Għadira, ambayo ina kilima mgongoni, au nenda kusini-mashariki, St Peter's Pool au St Thomas Bay. Ukiwa Gozo, Ħondoq ir-Rummien hukingwa vizuri.

Grigal ni wa kaskazini-mashariki. Huu huingia moja kwa moja Għadira na kuleta takataka zinazoelea na konyeza. Geuka uende magharibi: Golden Bay na jirani zake watakuwa shwari siku hiyo hiyo.

Xlokk hutoka kusini-mashariki, umepita juu ya jangwa na kisha juu ya maji, na hufika na unyevu, joto zito na wakati mwingine vumbi jekundu kwenye vioo vya magari. Piga hesabu ya kukosa usingizi kama chumba hakina kiyoyozi. Marsaxlokk, ambayo jina lake ni marsa ya upepo huo, na St Peter's Pool huchafuka. Paradise Bay na Golden Bay hufaa. Lbiċ, wa kusini-magharibi, hauvumi mara nyingi, lakini ukivuma hupiga Xlendi kule Gozo na boti za mapango ya Blue Grotto husimama.

Kuna tukio jingine litakaloweza kukushangaza kwenye ghuba za kaskazini: maji kupanda na kushuka kidogo kila baada ya dakika kadhaa bila wimbi, kana kwamba bahari inapumua. Wenyewe huita milgħuba. Si maji kujaa, bali ni ghuba kuyumba kama maji kwenye karai lililosukumwa. Sogeza viatu vyako juu, basi.

Hatari iliyo kwenye maji matulivu

Bendera utazikuta kwenye fukwe zenye waokoaji kiangazi: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari, nyekundu mbili usiingie, na zambarau maana yake konyeza wameonekana. Hizo ni rahisi kuelewa. Hatari isiyo na bendera ni upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini.

Chukua Għadira siku ya majjistral. Kilima kimekinga, maji ni kioo, na kina ni kifupi kiasi kwamba unatembea makumi ya mita kabla maji hayajafika kifuani. Ndiyo maana familia huipenda. Lakini juu ya maji hayo upepo unasukuma kuelekea nje. Mtoto aliyelala juu ya godoro la kuelea au boya la bata hasukumwi na mawimbi arudi; anasukumwa polepole aondoke, na kadiri anavyotoka kwenye kivuli cha kilima ndivyo upepo unavyozidi. Mzazi anayemkimbilia kwa kuogelea hamfikii, kwa sababu godoro lina kasi kuliko mikono. Siku kama hiyo vifaa vya kuelea vya kujaza upepo visiingie majini kabisa, au vifungwe kamba ya mita 5 ishikwe na mtu mzima aliyesimama. Godoro likishaondoka liache liende, mtoto akiwa mkononi mwako.

Kwenye ghuba za magharibi shida ni kinyume chake: mkondo unaovuta nje kupitia uchochoro wa maji yanayoonekana matulivu katikati ya mawimbi. Mgeni huchagua hapo hapo kwa kudhani ni salama. Ukivutwa, usipigane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uhisi umeachiwa, ndipo urudi. Namba ya dharura ni 112.

Ndani ya mstari wa maboya boti haziruhusiwi kuingia. Ukitoka nje ya mstari huo kuogelea au kutazama samaki, vuta boya la rangi kali lililofungwa kiunoni, maana boti za mwendo kasi ni nyingi na kichwa cha mtu hakionekani.

Konyeza wa Malta anayeuma ni mdogo, wa rangi ya zambarau, anaitwa Pelagia noctiluca. Akikugusa: osha kwa maji ya bahari, usitumie maji baridi ya bomba wala ya chupa, kwa sababu hufyatua vijisindano vilivyobaki kwenye ngozi. Usisugue kwa mchanga. Kwangua nyuzi kwa kadi ya plastiki. Changanya soda ya kuokea na maji ya bahari nusu kwa nusu, paka, acha dakika mbili tatu, kwangua tena. Siki, ambayo husaidia kwa konyeza wa aina nyingine, kwa huyu haifai. Kipakiti kidogo cha soda hiyo kwenye begi la ufukweni kinatosha wiki nzima.

Beba viatu vya majini vya mpira. Malta ina mwamba wa chokaa kuliko mchanga, na mashimo yake yana wale wanyama wa mviringo wenye miiba myeusi. Hata hivyo wanaoumia zaidi ni wanaoteleza kwenye sakafu za saruji za kushushia boti, zilizoota mwani wa kijani. Usipite hapo hata kama ndiyo njia fupi.

Ngozi nyeusi nayo huungua. Mwamba mweupe hurudisha jua usoni kutoka chini, mwavuli haukusaidii na hilo. Paka krimu, vaa miwani, na kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni uwe kivulini. Maji ya bomba ni salama kunywa, sehemu kubwa huchujwa kutoka baharini, ila ladha yake wengi hawaipendi. Mtu mmoja anahitaji lita 2 za kunywa ufukweni kwa mchana mzima.

Vitanda na miavuli ya kukodi: uliza bei kabla ya kukalia, na uliza kama ni ya siku nzima. Yale majani makavu ya kahawia yaliyolundikana ufukweni si uchafu. Ni nyasi za bahari ziitwazo Posidonia, na ndizo zinazozuia mchanga usiliwe.

Comino, kwa ajili ya Blue Lagoon

Maji ya hapa ni ya samawati hafifu kwa sababu chini ni mchanga mweupe, na ni maangavu kwa kuwa Malta haina mto wa kudumu unaomwaga tope. Usitarajie matumbawe na samaki wa rangi kama Mnemba au Watamu. Uzuri wa Malta ni kuona mbali chini ya maji, si wingi wa viumbe.

Tangu 2025, anayetaka kushuka nchi kavu Blue Lagoon lazima ajiandikishe mtandaoni kabla. Ni bure: unachagua awamu ya siku, unapata msimbo kwenye simu, unafika na kuvishwa ukanda mkononi. Jiandikishe kwanza, ndipo ununue tiketi ya boti, si kinyume chake. Chagua awamu ya asubuhi na upande boti ya kwanza kutoka Ċirkewwa au Marfa jirani. Kivuli cha asili hakuna, na chakula cha vibanda ni ghali, kwa hiyo beba vyako na urudi na taka zako. Muulize nahodha boti ya mwisho ni saa ngapi na inaondokea gati gani, kisha piga picha ubao wenye ratiba. Siku ya majjistral wa nguvu ya 4 au 5 sogeza Comino kwa siku nyingine, hata kama boti zinatoka.

Gozo, siku nzima

Kivuko cha Ċirkewwa hadi Mġarr huchukua kama dakika 25. Kwenda hulipi, unalipa wakati wa kurudi, chini ya yuro 5 kwa abiria wa miguu. Wageni hutafuta kaunta ya tiketi Ċirkewwa na kukosa kivuko bila sababu. Panda tu. Ukiwa Valletta, mji mkuu, kuna boti ya kasi inayofika Mġarr kwa dakika 45 hivi, lakini bahari ikichafuka hiyo ndiyo husitishwa mwanzo, kivuko kikubwa hubaki.

Mabasi ya Gozo karibu yote hupitia mji wa Victoria, na mengi huja mara moja kwa saa, hivyo mambo mawili kwa siku yanatosha. Mpangilio unaofaa: asubuhi mapema mahekalu ya Ġgantija kule Xagħra, yaliyojengwa kuanzia miaka ya 3600 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Misri, kisha shuka ufukwe wa Ramla, wenye mchanga wa rangi ya chungwa, kama upepo si wa kaskazini. Upepo ukiwa wa kaskazini, nenda Xlendi. Dwejra bado inafaa, ingawa lile tao maarufu la mwamba lilianguka tarehe 8 Machi 2017 na picha zake bado zinauzwa. Siku shwari boti ndogo hukuvusha kutoka ziwa la chumvi hadi bahari kuu kupitia pango. Umbali ni mfupi, bei uliza kabla ya kukaa.

Siku ambayo bahari imekataa pande zote

Itatokea. Iwekee Valletta, saa moja hivi kwa basi. Kanisa la Mtakatifu Yohana lina mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608 wa kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Funika mabega na magoti, na acha viatu vya visigino vyembamba, kwani sakafu ni ya makaburi ya marumaru. Saa 6 mchana mzinga hupigwa chini ya bustani ya Upper Barrakka. Fika robo saa mapema upate nafasi ukingoni. Pango la makaburi la Ħal Saflieni huingiza watu 10 tu kwa saa, kwa hiyo tiketi zake nunua wiki nyingi kabla, hata kabla ya kujua upepo. Watoto chini ya miaka 6 hawaruhusiwi.

Wanaotaka kuzama kwa mtungi wa hewa waende Ċirkewwa, kuna meli mbili zilizozamishwa makusudi, Rozi na P29, ziko kina cha mita 30 na zaidi, kwa wenye cheti tu. Asiye na cheti anaweza kufanya mbizi ya kujaribu na mwalimu kwenye kina kifupi. Panga mwanzoni mwa wiki: baada ya mbizi kadhaa usipande ndege kabla ya saa 18 kupita.

Kula

Kuanzia katikati ya Agosti hadi Desemba ni msimu wa lampuki, naye si mwingine ila fulusi. Wavuvi hutandaza vichaka vya makuti vinavyoelea, kannizzati, samaki hujikusanya kivulini, kisha huzungushiwa wavu. Agiza wa kukaanga, au ndani ya pai yenye mboga. Samaki mzima hotelini huuzwa kwa kilo: mwambie mhudumu apime mbele yako na ataje bei kamili kabla samaki hajapelekwa jikoni. Soko la Marsaxlokk la Jumapili, nenda kabla ya saa 3 asubuhi. Baadaye ni foleni za watalii.

Pastizzi ni sambusa zao za unga wa tabaka, zenye jibini au njegere, za bei ndogo kuliko chakula chochote kisiwani. Mwislamu aulize kwanza: mafuta ya baadhi yake ni ya nguruwe. Neno la kuuliza ni xaħam, yaani shahamu, na duka linalotumia siagi ya mimea litakwambia. Nyama ya sungura, fenek, ndiyo ya heshima kwao, na hupikwa kwa mvinyo, hivyo hiyo nayo uliza. Pweza wa mchuzi naye mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Samaki na mkate wa ħobż biż-żejt wenye nyanya, tuna na mafuta ya zeituni havina shida. Msikiti uko Paola, karibu na Valletta.

Kwa utamu kuna imqaret, vitumbua bapa vya unga vilivyojazwa tende na kukaangwa kwenye mafuta. Vinunue vikiwa vimetoka karaini sasa hivi. Vikipoa unga hulegea na kunyonya mafuta.